Mwongozo kamili wa kumaliza Mike Tyson's Punch-Out!! kwenye NES

Anayeshika pedi ya Punch-Out!! kwa mara ya kwanza huanza kurusha ngumi kama mvua, kwa kuwa ameambiwa ni mchezo wa ngumi. Kwa Glass Joe atashinda. Kwa Von Kaiser atashinda kwa taabu. Akifika kwa Piston Honda anapigwa mpaka anazima mtambo. Hakupungukiwa na kasi ya vidole. Kasoro ni kwamba alikuwa anapiga, na huu ni mchezo wa kutazama. Kila mpinzani ana dalili anayoitoa kabla ya kurusha konde: nyusi, kito cha kilemba, mdomo, jicho, kurudi nyuma hatua moja. Ukishaijua, unamkwepa, anapitiliza, unamchapa akiwa wazi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo tangu kuwasha mtambo mpaka kumfikia Tyson.

Toleo lipi uwe nalo

Nintendo walianza na Punch-Out!! ya mashine za kutumbukiza sarafu mwaka 1984, kazi iliyoongozwa na Genyo Takeda. Ya nyumbani, tunayoizungumzia hapa, ya mtambo wa Nintendo unaoitwa NES, ilitoka Marekani mwaka 1987 ikiwa na jina na sura ya Mike Tyson. Mwaka 1990, mkataba wa jina ulipokwisha, ilitolewa tena ikiitwa Punch-Out!! tu, na mahali pa Tyson akawekwa Mr. Dream, bondia wa kubuni. Hao wawili wamebadilishana kichwa na jina, lakini mwendo ni uleule, ngumi ni zilezile na muda ni uleule. Kwa hiyo usilipe bei kubwa ya kaseti ya Tyson ukidhani utapata mchezo mwingine.

Anayetaka njia rahisi na halali ataikuta ya Mr. Dream kwenye Nintendo Switch Online, au ndani ya NES Classic, ule mtambo mdogo uliotoka mwaka 2016.

Kama unatafuta kwenye zile TV game za bei poa na kaseti zao zilizoandikwa kuwa zina michezo maelfu, usishangae ukiikosa. Kaseti hizo hujazwa michezo midogo isiyohitaji chipu ya ziada. Punch-Out!! ya NES ina chipu yake, MMC2, iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu tu ili wapinzani wakubwa vile waweze kuchorwa kwenye skrini.

Umeme, kaseti na TV

Ukiletewa NES ya Marekani, adapta yake ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, inaungua. Tumia transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 au 240 kwenda 120, au nunua adapta ya volti 9 ya hapa inayotoa angalau ampea 1.3. NES hupokea umeme wa AC wa volti 9, lakini Famicom, dada yake wa Kijapani, hutaka DC. Adapta ya NES ikichomekwa kwenye Famicom inaiua, na plagi inaingia vizuri kabisa bila kukuonya.

Taa nyekundu ikiwaka na kuzima, na skrini nayo ikiwaka na kuzima, usiipulize kaseti kwa mdomo. Mate huleta kutu. Shida ni chipu ya ulinzi iliyomo ndani ya mtambo: isipoongea vizuri na mwenzake aliye kwenye kaseti, huuwasha upya mtambo tena na tena, na kwa kawaida chanzo ni uchafu kwenye meno ya kaseti.

1. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji mengi, hukauka polepole.
2. Sugua meno ya shaba pande zote mbili, ukielekea nje. Badilisha kijiti mpaka kitoke cheupe.
3. Acha dakika 5, kisha ingiza kaseti na ujaribu.
4. Ikigoma bado, tatizo liko kwenye soketi ya pini 72 ndani ya mtambo. Hiyo hufunguliwa na kuchemshwa, au hununuliwa mpya.

Picha ikitokea nyeusi na nyeupe, au ikiviringika kwenye TV ya zamani ya chogo, maana yake mtambo unatoa picha ya mfumo wa NTSC na TV inajua mfumo wa PAL tu. TV nyingi bapa za leo hupokea zote mbili.

Lakini TV bapa ina maradhi mengine, na hapa wengi hulaumu mikono yao bure. Mchezo huenda kwa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa kama milisekunde 17. TV inayopamba picha kabla ya kuionyesha inaweza kukuchelewesha picha tatu, nne, hata zaidi. Kwa Glass Joe hutaona tofauti. Kwa Tyson utaona umekwepa kwa wakati na bado uko chini. Ingia kwenye setingi za picha, tafuta hali iliyoandikwa Game au Game Mode, iwashe, kisha zima kila kinacholainisha mwendo. Pedi iwe ya waya. Ya Bluetooth inaongeza ucheleweshaji wake. Ukitumia RetroArch, emuleta (programu inayoiga mtambo wa zamani), washa Run-Ahead, kipengele chake cha kupunguza ucheleweshaji, kwa picha 1. Ukizidisha, picha itaanza kurukaruka. Mwenye TV ya chogo inayopokea NTSC asiitupe: kwa mchezo huu hakuna skrini bora kuliko hiyo.

Vitufe

B ni mkono wa kushoto, A ni wa kulia. Ukibonyeza peke yake unapiga tumboni. Ukishikilia juu pamoja nacho unapiga usoni. Kushoto na kulia ni kukwepa. Chini mara moja ni kukinga, chini mara mbili haraka ni kuinama. Start ni apakati ya nguvu (ngumi ya kutoka chini kwenda juu), ile inayotumia nyota.

Select hufanya kazi ambayo wengi hawaijui: wakati wa mapumziko kati ya raundi, kocha Doc Louis akiwa anaongea, ibonyeze naye atakurudishia sehemu ya nguvu. Inafaa mara moja tu kwa pambano, kwa hiyo usiitumie baada ya raundi ya kwanza ikiwa bado uko mzima.

Ukiangushwa, bonyeza A na B kwa kupokezana haraka mpaka Mac, bondia unayemwendesha, asimame kabla refa hajafika 10. (Refa ni Mario, ndiyo, yuleyule.) Unaweza kusimama mara tatu kwa pambano zima, ya nne huinuki. Ukianguka mara tatu ndani ya raundi moja pambano linasimamishwa, na sheria hiyo inamhusu mpinzani pia.

Makopa na nyota

Juu ya skrini kuna kopa na namba. Hiyo ni pumzi ya Mac. Konde lako likikingwa unapoteza kopa 1. Ukikinga konde lake unapoteza 1. Ukipigwa unapoteza 3. Makopa yakiisha, Mac anageuka rangi ya waridi na kulegea. Hawezi kupiga, anaweza tu kukwepa, kukinga na kuinama. Atarudi katika hali yake akikwepa ngumi. Kosa la kawaida hapo ni kubonyeza A na B kwa hofu. Ondoa kidole gumba cha kulia kwenye vitufe kabisa, tumia cha kushoto tu, kwepa, kwepa tena, pumzi irudi.

Nyota hupatikana ukimgonga mpinzani katika nukta fulani, mara nyingi sekunde ileile anapoanza kurusha au anapomaliza kukukosa. Unaweza kubeba 3. Usiirushe apakati ya nyota mpinzani akiwa ametulia na kukutazama, maana Mac huruka polepole na mwenzake ana nafasi ya kukwepa. Itupe akiwa ameyumba baada ya kukukosa.

Zoezi la kwanza, kabla ya kutaka ushindi

Ingia kwa Glass Joe na usimpige hata ngumi moja raundi nzima. Kwepa tu. Raundi inaandikwa dakika 3, lakini saa ya ulingoni hukimbia kuliko ya ukutani, kwa hiyo hutachoka. Tazama mabega na miguu yake, usimtazame Mac. Kisha rudia kwa Von Kaiser: atatikisa kichwa kabla ya kurusha ngumi. Ukiweza kumaliza raundi ya Von Kaiser bila kuguswa, jicho limeshaanza kufanya kazi.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Ukikwepa na mpinzani akayumba, piga usoni na uhesabu ni ngumi ngapi zinaingia kabla hajaanza kukinga. Ile iliyokingwa imekula kopa. Pambano linalofuata, ishia moja kabla ya hiyo. Hesabu hii hutofautiana kwa kila mpinzani na kwa kila aina ya ngumi aliyokosa, na haibadiliki kwa bahati nasibu. Ukiijua leo, kesho ni ileile.

Sikiliza pia. Wapo wachezaji wanaoumaliza mchezo huu wakiwa wamefungwa kitambaa machoni, kwa sauti na kuhesabu peke yake. Usizime sauti ukaweka muziki wako.

Minor Circuit

Glass Joe ana rekodi ya kushinda 1 na kushindwa 99, na anacheza kama rekodi yake. Mnamo sekunde ya 40 ya raundi ya kwanza hurudi nyuma na kujitapa. Subiri aje mbele, na akianza tu kurusha mkono mpige usoni: anaanguka kwa ngumi moja. Lifanyie mazoezi hilo, si kwa sababu unahitaji msaada kwake, bali kwa sababu wapinzani wa mbele wana nukta za namna hiyohiyo, na kwao huwezi kuziacha.

Von Kaiser umeshamjua. Piston Honda, bingwa wa ngazi hii, huchezesha nyusi kabla ya kurusha. Akirudi nyuma na kuyumba kushoto kulia, anakuja na ngumi za mfululizo. Kaa kwenye kinga, lipa makopa kadhaa, kisha endelea.

Major Circuit

Don Flamenco hakuanzi. Atasimama akikungoja. Rusha ngumi moja, atajibu kwa apakati. Ikwepe, halafu piga usoni kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo usiobadilika. Hawezi kutoka. Wanaoshindwa hapa hupiga mkono mmoja mara mbili mfululizo, au huharakisha mapigo mpaka mikono inagongana. Mwendo wa saa ya ukutani unatosha.

King Hippo ndiye anayewachanganya watu, maana kila ngumi ya kawaida inagota. Anapoinua mkono kukupiga, hufungua mdomo. Papo hapo mpige usoni. Bukta itamdondoka, ataishika kwa mkono, na tumbo lenye plasta kitovuni litabaki wazi: lipige haraka bila kuhesabu sana mpaka aivute bukta juu. Mchape mapema, yaani akiwa anainua mkono, si akiwa anaushusha. Uzuri wake ni mmoja: akianguka mara moja, hainuki.

Great Tiger ana kito kwenye kilemba, kinamulika kabla ya kila ngumi. Kazi kubwa ni mazingaombwe yake, anapozunguka ulingoni akipotea na kutokea. Kinga mara 5, ukibonyeza chini upya kila anapokuja. Ya tano ikipita anabaki na kizunguzungu, na ngumi moja inamlaza. Kwa kuwa kila kinga inakula kopa, usiingie kwenye mazingaombwe ukiwa na makopa 3. Ukiona umebakiwa na machache, acha kushambulia mpaka apite.

Kisha Bald Bull, na hapa ndipo mchezo unapokutahini kweli. Anarudi mpaka nyuma ya ulingo, halafu anakuja akirukaruka. Akikufikia, uko chini. Unachotakiwa ni ngumi moja ya tumboni kwenye mruko wa tatu. Ukiwahi au ukichelewa, anakuangusha. Ukipatia, anaanguka yeye, haijalishi alikuwa na nguvu kiasi gani.

Kwa zaidi ya miaka 20 watu walikuwa wakikisia nukta hiyo kwa masikio. Mwaka 2009 Takeda mwenyewe alifichua kwamba kuna kamera inayomulika miongoni mwa watazamaji sekunde hasa unayotakiwa kupiga. Mwaka 2016 wachezaji wakagundua ishara nyingine: mtazamaji mwenye ndevu anayeinama wakati wa kumpiga Bald Bull, na pia Piston Honda anaporudi kwenye World Circuit. Dalili zilikuwa mbele ya macho ya kila mtu muda wote huo. Lakini usijifunze kwa kuangalia kamera tu. Macho yakienda kwa hadhira, miguu ya Bull inakuponyoka. Hesabu miruko kwa sauti, moja, mbili, kisha kidole kiende na tatu. Kamera itumie kujirekebisha ukikosa.

World Circuit

Wanarudi Piston Honda, Bald Bull na Don Flamenco, wamenolewa. Ule mnyororo wa kushoto kulia haumshiki tena Don. Bald Bull wa mara hii haanguki kwa ngumi za kawaida hata umpige mpaka nguvu zake ziishe: anaanguka kwa apakati ya nyota au kwa kuzuiwa akiwa kwenye mbio zake. Wengi humaliza raundi tatu wakimpiga bila kuelewa kwa nini bado amesimama.

Soda Popinski, ambaye kwenye mashine za sarafu aliitwa Vodka Drunkenski kabla jina halijasafishwa kwa ajili ya watoto, ni kasi tupu. Kwake hakuna siri kubwa, kuna kukwepa mapema. Mr. Sandman hurusha apakati tatu mfululizo. Kwepa zote tatu ndipo upige, maana anayejibu baada ya ya kwanza anapokea ya pili. Super Macho Man huzunguka na mkono ulionyooka: hapo ndipo kuinama, chini mara mbili, kunapolipa. Hukumbuki kama umewahi kuinama tangu uanze? Rudi kwa Von Kaiser ukafanye zoezi la vidole, kwa sababu ukibonyeza mara mbili polepole utapata kinga mbili badala ya kuinama.

Ukipoteza

Ukishindwa mara ya kwanza unapewa pambano la marudiano. Ukishindwa na hilo unashuka nafasi moja. Pambano la ubingwa halina upole huo: unashuka mara moja, nafasi moja kwa mabingwa wa ngazi mbili za kwanza na mbili kwa Super Macho Man. Kushindwa kwa tatu, hata kama hakukufuatana, mchezo umekwisha.

Kaseti haina betri ya kuhifadhi. Ukichukua ubingwa unapewa namba ya tarakimu 10; iandike kwenye karatasi, kisha siku nyingine chagua Continue na uiingize. Wasiotaka kungoja wana 005-737-5423 kwa Major Circuit na 777-807-3454 kwa World Circuit.

Tyson

Sekunde 90 za kwanza za saa ya ulingoni, kila apakati yake ikikugusa unaanguka. Hakuna kupungua kidogo kidogo. Kwa hiyo lengo la sekunde hizo liwe moja tu: usiguswe.

1. Weka kidole cha kukwepa tayari upande mmoja na usiubadilishe. Kuchagua upande kunakula muda usio nao.
2. Usikwepe kwa kubahatisha. Mac akishakwepa kuna nukta anarudi katikati hana ulinzi, na Tyson anamkuta hapo.
3. Akikosa, piga usoni ngumi moja, urudi kungoja. Tamaa ya ngumi ya pili na ya tatu ndiyo inayowaangusha watu kwenye sekunde ya 70 wakiwa wanaelekea vizuri.
4. Ukianguka mara mbili kabla ya 90, acha kabisa kupiga. Anguko la tatu ndani ya raundi hiyo ni TKO, yaani pambano linasimamishwa na umeshindwa.

Saa ikipita 1:30, huja na ngumi za pembeni ambazo haziangushi kwa mguso mmoja. Sasa tazama macho yake: hukonyeza kabla ya ngumi hizo. Hapo makopa yako yaanze kufanya kazi, na Select uliyoitunza itumike kwenye mapumziko.

Kwenye emuleta au Switch, hifadhi mchezo kengele ya kwanza inapolia na urudie sekunde 90 hizo peke yake, mara 20 kwa siku, bila kujaribu kushinda. Kwenye kaseti halisi hilo haliwezekani, na ukishindwa na Tyson hupewi marudiano wala kushushwa nafasi: mchezo unafungwa papo hapo. Chagua Continue, ingiza 007-373-5963, utasimama mbele yake tena bila kuanza na Glass Joe.